Mikono Hii Haijanywa

Kwetu ukiugua watu hawakuulizi unaumwa nini, wanakuuliza unaumwa wapi. Sema tumbo, sema mgongo, sema jino, utapewa pole na uji utaletewa. Mimi nilikuwa naumwa mahali pasipoonyeshwa kwa kidole, kwa hiyo kwa miaka miwili niliwaambia watu nina presha. Uongo ule ulinitunza vizuri tu mpaka siku dawa zangu zilipokwisha.

Nilikuwa fundi cherehani Makambako, kwenye baraza ya duka la nguo, karibu na pale barabara ya Njombe inapoachana na ile kubwa ya Mbeya. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, mhamiaji kutoka Tanga, mtu wa maneno machache na swala zake tano. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni ilirudi madukani, betri zikarudi, na marobota ya mitumba yakawa yanashushwa kila siku. Mafundi wenzangu walilia kwamba nani atashonesha gauni jipya wakati la Ulaya limelala chini kwenye turubai linamsubiri. Mimi sikulia. Niliacha kushona, nikaanza kupunguza. Suruali za wanaume wa Ulaya wenye vitambi nilizibana viuno mpaka zikawatosha wakulima wa Wanging'ombe, na foleni ikawa kwangu.

Kupunguza nguo kuna adabu yake. Hukati kwanza. Unabana kwa pini, mwenye nguo anavaa, anatembea, anakaa, anainama, na wewe unaangalia. Ukiridhika unashona, lakini kitambaa cha ndani unakiacha, hukikati, ili mtu akinenepa au wewe ukiwa umekosea, mshono urudi. Fundi anayekata siku ya kwanza ni mharibifu tu, hata awe na mkasi mzuri namna gani. Hayo nilikuwa nayajua kwa nguo za watu. Kwa mwili wangu mwenyewe sikuyajua.

Ugonjwa ulianza baada ya kuzaa mtoto aliyekwisha kufa. Mume wangu, dereva wa lori, alikaa msibani wiki chache, kisha akahamishia maisha yake Tunduma. Watu walisema sababu ni huyo mume. Wengine wakasema ni mtoto. Waseme. Ninachojua ni kwamba ulifika wakati nilikuwa nakaa mbele ya cherehani tangu asubuhi, mguu uko juu ya pedali, na mguu haukanyagi. Sikuwa nalia. Kulia kungekuwa nafuu. Mwenye duka alinitazama siku tatu, siku ya nne akaniambia, "Fundi, nimeikagua mashine, haina ubovu. Nenda kaonwe wewe." Akanisimamishia basi la Njombe mwenyewe.

Kwenye hospitali ya misheni dokta aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Akanipa amitriptilini, vidonge vidogo vya bluu, vitatu kila ninapokwenda kulala. Vilinikausha mdomo, vikaninenepesha, choo kikawa cha kubembeleza. Lakini mwezi wa pili mguu ulikanyaga. Sina aibu na vidonge vile. Vilinirudisha kazini, na nitavitetea mbele ya mtu yeyote anayesema ni dawa za wazungu waliokosa imani.

Basi, siku moja nimekwenda kuchukua vingine, dada wa dirishani akasema, "Zimekwisha, mama. Jaribu mwezi ujao." Nikasema moyoni, afadhali. Nilijiona mzima. Nilikuwa nacheka, nakula, nagombana na wateja. Nikaacha siku ile ile, kutoka vitatu mpaka hakuna. Hakuna aliyeniambia kwamba hivyo sivyo, na mimi sikuuliza.

Siku ya tatu jasho lilinitoka mpaka nikabadilisha shuka, na ile Makambako ya upepo na baridi mnayoijua. Kichefuchefu. Moyo unakwenda mbio nimekaa. Usingizi ukikubali kuja unakuja na ndoto kali, nazinduka nimechoka kuliko nilivyolala. Mikono ikaanza kutetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nilidhani ni malaria. Nikameza klorokwini, ikaniwasha mwili mzima, na huko kutetemeka hakukupungua hata kidogo. Ndipo nikaogopa kweli. Nilidhani ule ugonjwa umerudi na safari hii umekuja na ndugu zake.

Wiki ya pili mama akaniita nyumbani. Kwetu ni kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Njombe mjini. Mdogo wangu, binti wa mwisho wa mama, alikuwa ameposwa, na watu wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kuzungumza siku ya harusi. Lazima nijieleze hapa. Kwetu kabla ya kuoa ukoo unachunguzwa. Wanaulizwa majirani, wanaulizwa wazee: kwa hawa kuna kifafa? Kuna kichaa? Wachunguzaji walikuwa wamekwishapita kwetu, wakaambiwa hakuna. Dada mtu ana presha kidogo, basi.

Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi ilikuwa inagemwa kila bonde, na kila penye njia panda kulikuwa na kilabu kimejaa watu tangu mchana. Nimeshuka basi Njombe, nimetembea kama nusu ya safari, kizunguzungu kikanikamata kwenye mteremko. Nikatafuta mahali pa kujishikiza. Ukuta wa karibu ulikuwa wa kilabu. Nikauegemea, nikateleza, nikakaa chini, na mnywaji mmoja aliyeinuka kunisaidia akanimwagia lita yake ya ulanzi kitenge kizima. Nikatapika palepale. Na nani anapita na baiskeli yake? Mzee wa kanisa letu.

"Kamwene, binti," akasema.

"Kamwene, baba." Ulimi ulikuwa mkavu, maneno yakatoka mazito.

Akaniangalia, akaangalia kitenge, akaangalia ukuta. Akapanda baiskeli akaenda zake. Simlaumu kwa macho yake, aliona alichokiona. Namlaumu kwa mdomo.

Jioni ile ile alikuja nyumbani na neno. Baraza la wazee limenijadili, nimelitia doa kanisa, na Jumapili nitasimama mbele ya usharika nitubu kwamba nililewa. Nikikataa nitatengwa, sitashiriki Meza ya Bwana. Sisi Walutheri wa kwetu tunajua utaratibu huo. Mtu anaitwa mbele, anakiri, anaombewa, anarudishwa kundini, na mchana anakula ugali wake kama kawaida. Nusu ya wanaume wa kijiji wamesimama pale kwa ajili ya ulanzi. Wengine wana mahali pao wanaposimama kila mwaka.

Ijumaa nikajikokota hospitali. Dokta akanitazama mikono, akaniuliza, "Nani alikuambia uache?"

"Mlisema zimekwisha."

Akainuka akafunga mlango, mama akiwa nje kwenye benchi. Kisha akanieleza, na namshukuru kwamba alinieleza mimi, hakumweleza mama aliyenisindikiza. Alisema mwili ulikwishaizoea ile dawa, nimeuondolea ghafla, ndiyo maana umegoma. Si malaria. Si ugonjwa kurudi. Siyo wazimu. "Dawa hii inashukwa, mama, hairukwi." Ziliwasili nyingine juzi yake. Akanirudisha kwenye vidonge viwili, akasema mwili ukitulia nianze kushuka taratibu, na nisishuke ngazi nyingine kabla sijaizoea hii.

Njia nzima nilikuwa mwepesi kwa furaha. Nilimwambia mama, "Unaona? Jumapili nitasimama niseme ukweli. Nilikuwa mgonjwa, dawa ziliisha."

Mama akasimama katikati ya njia. "Dawa za nini?"

"Za huzuni."

"Za kichwa," akasema. "Watu watasema za kichwa. Na wakishasema za kichwa, huyo mdogo wako anaolewa na nani?"

Jumamosi nzima alinishikilia jikoni tukimenya viazi. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewaza. "Pombe inasamehewa, mwanangu. Kila mtu anajua inavyoingia na inavyotoka. Kichaa kinaulizwa mpaka kwa wajukuu. Simama, sema nililewa, nisameheni, kaa chini. Ni dakika moja." Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kinu, hanitazami. Akasema, "Dada, nakuomba hiyo dakika moja tu."

Nilikubali. Sitaki mtu anipambe humu. Nilikubali, na tulifanya hata mazoezi, mama akiwa ndiye mchungaji.

Jumapili kanisa lilijaa. Watu wa upande wa kijana walikuwa benchi la tatu, na mshenga wao kavaa koti ambalo ninalijua, nililipunguza mabega mimi mwenyewe. Baada ya matangazo nikaitwa. Nikatembea mpaka mbele. Nilikuwa na yale maneno mdomoni tayari, nililewa nisameheni, na nakuapieni yangetoka. Ila yule mzee wa kanisa hakunisubiri. Alinyoosha kidole kwenye mikono yangu, akawageukia watu akasema, "Waumini, mnaona wenyewe. Mpaka leo hii mikono inatetemeka. Jumapili asubuhi." Kwenye kwaya mtu akacheka.

Ala. Mikono yangu? Mikono hii ilikuwa imevalisha nusu ya kanisa lile. Mikono hii ilipokea mtoto aliyekufa ikamfunga kitambaa. Ilikuwa inatetemeka, ndiyo, kwa sababu ilikuwa inapigana vita ambavyo yule mzee hajawahi kuviota, na sasa inanyooshewa kidole watu wachekeshwe. Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Nilimwona mama anatikisa kichwa, hapana, hapana. Nilimwona mdogo wangu.

"Mikono hii haijanywa," nikasema. "Nilikuwa nameza dawa ya huzuni, miaka miwili sasa. Wengi mnajua nilizika nini. Dawa ziliisha, nikaacha ghafla, mwili ukakataa. Ndiyo maana natetemeka, na nitatetemeka mpaka nimalize kuiacha vizuri. Siku nikilewa nitakuja mwenyewe, sitasubiri kuitwa. Leo sina toba ya kuwapa."

Nikarudi nikakaa. 

Nilitengwa siku ile ile. Ulevi waliusahau, kosa likawa kulidharau baraza. Ibada ilipokwisha, watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kuku na makabichi na mayai vikinadiwa kama kila Jumapili, na watu wa upande wa kijana hawakusubiri hata kuku wa kwanza. Jumanne mshenga alileta ujumbe kwamba vijana wasubiri kwanza. Kwetu kila mtu anajua maana ya wasubiri kwanza.

Mdogo wangu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Nilikuomba dakika moja." Akaingia ndani, na baada ya hapo hakuniita dada kwa miaka mingi.

Nilirudi Makambako nikakuta habari zimenitangulia kwa basi. Fundi mlevi, wengine fundi kichaa, chagua unalotaka. Mwenye duka alikuwa anapanga vitenge. "Nasikia unakunywa," akasema.

"Nawe unaamini?"

"Mimi nikikaa hapa, mlevi akipita stesheni harufu yake inanifikia. Miaka yote hii umekaa mita mbili kutoka kwenye pua yangu." Akanisogezea kiti. "Kaa, ushone. Wenye suruali wamekuja mara mbili."

Basi nikaanza kushuka. Nilitundika kalenda ukutani nyuma ya mashine. Nilitandika kipande cha kitambaa cheusi ili chembe zisipotee, nikachukua wembe mpya, nikawa nakata kidonge kama ninavyokata nyuzi za mshono. Kutoka viwili mpaka kimoja na nusu. Nikakaa hapo. Nikajiuliza kama ninavyomuuliza mteja: tembea tuone. Kaa. Inama. Panapobana ni wapi? Jasho lilirudi siku kadhaa, ndoto zikarudi, kisha zikachoka. Nikashuka mpaka kimoja. Mwezi ule nilimfukuza mteja wa Ludewa na koti lake kwa sababu alinisimamia begani, na nikalia saa nzima kwa ajili ya kitufe kilichopotea. Nilijua sasa ni nini, kwa hiyo nililia zangu na kazi ikaendelea. Nilipofika nusu nilipata kiburi, nikaruka nikaenda robo upesi, na mwili ukanikumbusha. Nikarudi nusu. Sikuona haya. Ndiyo kazi ya kile kitambaa unachokiacha ndani.

Robo ya mwisho niliimeza mwezi wa sita, baridi imeganda kwenye majani. Nilisubiri wiki, nikasubiri mwezi. Mikono ikatulia. Asubuhi moja uzi uliingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu, nikamwita mwenye duka aje aone. Akaja, akatazama sindano, akasema, "Alhamdulillahi," akarudi kwenye vitenge vyake.

Yule mzee wa kanisa alituma mtu mara mbili. Safari ya kwanza kwamba nikitubu kiburi tu inatosha, habari ya pombe wameiacha. Nikasema sina. Safari ya pili kwamba niandike barua. Thubutu. Lakini kanisani sikuacha kwenda kila nilipopata nafasi ya kufika nyumbani. Wangependa niache. Wenzangu wakiinuka kwenda Mezani mimi nilibaki benchi la nyuma, mgongo wima, mikono nimeiweka juu ya kitabu cha nyimbo mahali ambapo kila anayerudi Mezani ataiona. Imetulia. Angalieni mpaka mchoke.

Mama alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua, akimwambia jirani aliyeficha kikohozi. Nikamkumbusha siku moja. Akasema methali ni za kifua, si za kichwa. Tukacheka wote wawili, na hiyo ndiyo suluhu tuliyoipata mimi naye.

Watu wameniuliza kama najuta. Kwa mdogo wangu niliumia, nikaumia kila harusi niliyoshonea gauni. Yule kijana alioa kwingine. Mdogo wangu alikuja kuolewa baadaye na mwalimu wa upande wa Ludewa, mbali, ambako hakuna aliyemjua dada yake. Harusi nilikwenda, nikakaa na majirani. Kwa yale maneno niliyoyasema mbele ya kanisa, sijuti hata moja.

Mwaka wa tano tangu Jumapili ile, mchana, nilikuwa nabana suruali, nikaona mwanamke ameshuka kwenye basi na mtoto mgongoni, anatembea kwa kushika nguzo za baraza, moja baada ya nyingine. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamjua kwa uso. Mwendo ule niliutembea mimi. Alikuja akakaa kwenye benchi la wateja, jasho limemlowesha kola, na nje kuna baridi.

"Dada," akasema.

 Sikuwa nimelisikia neno hilo kwa mdomo wake kwa muda mrefu.

Akafungua pindo la kanga. Ndani kulikuwa na vidonge vidogo vya bluu, vichache. Baada ya kuzaa huyu mtoto, yeye naye aliugua kama mimi, akapewa, akapata nafuu mwaka mzima. Mama mkwe alivigundua akavitupa chooni, akamwambia kwamba mke wa mwalimu hamezi dawa za vichaa. Hivi vichache aliviokoa. Sasa ni siku ya sita hajameza, anatetemeka, na kijiji kizima kina neno.

"Wanasema nimeanza kunywa," akasema.

"Na wewe umesemaje?"

Alinitazama usoni, ndiyo mara ya kwanza tangu ile siku ya kinu. "Nimewaambia naumwa. Nimewaambia kwetu tunaumwa hivi, na dada yangu alishalisema mbele ya kanisa zima. Asiyeamini apande basi, aje Makambako amuulize."

Nilifunika mashine. Nikamwambia kesho tunakwenda wote kwa dokta, lakini leo ameze nusu kwanza, mwili usishtuke. Nikamshusha mtoto nikampa mwenye duka amshike. Nikatoa kitambaa cheusi, nikatoa wembe, nikaivuta ile kalenda ya zamani, ambayo sikuwahi kuitupa. Alitaka kukata mwenyewe, ila mikono yake haikumruhusu. Basi cha kwanza nikamkatia mimi.